Anayebonyeza Mara Mbili

Sokoni Baraka, mji wa Fizi mashariki mwa Congo, jambo hili halihitaji kutafutwa. Mtu anafika kwenye kabini ya kutuma pesa kwa simu, anatoa dola 20, anaomba zitumwe kwa dada yake aliyeko Kalemie. Mwenye kabini anaandika namba, anaandika kiasi, anaweka kode yake ya siri, anabonyeza. Rezo, yaani mtandao wa simu, inakatika. Hakuna ujumbe kwamba pesa zimekwenda, wala kwamba hazikwenda. Sasa afanyeje? Binadamu, awe wa Baraka, wa Dar es Salaam au wa Paris, atabonyeza tena.

Je, dada atapokea dola 20 au 40? Na zile za ziada zitakatwa kwa nani? Jibu halipatikani pale sokoni. Lilikwisha kuamuliwa zamani, katika ofisi ambamo mtu mmoja alipaswa kushika simu, kubonyeza, kukata mtandao kusudi, kubonyeza tena, kisha kuhesabu fedha upande huu na upande ule. Mtu huyo anaitwa mjaribu wa programu. Vijana wa mjini humwita testa. Analipwa ili hasara aipate yeye mezani, kabla haijamkuta mwenye kabini.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya rezo mbovu ya Congo. Basi na wasikilize kisa cha Dalmellington, mji mdogo wa Scotland. Oktoba 2015 mfanyakazi wa posta wa huko alikuwa akiingiza kwenye kompyuta paundi 8,000. Kioo kikaganda. Akabonyeza kitufe cha kukubali, akabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza mashine ilikuwa inaandika. Fedha zilezile zikaingia kitabuni mara 4, na hesabu ikaonyesha upungufu wa paundi 24,000 ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzishika.

Mfumo huo uliitwa Horizon. Ulitengenezwa na kampuni ya Fujitsu na ukaanza kusambazwa katika posta za Uingereza mwaka 1999. Upungufu wa namna hiyo ulitokea katika posta nyingi na kwa sababu mbalimbali, na mabwana wakubwa wa posta walikuwa na jibu moja tu: mashine haikosei, kwa hiyo mwizi ni wewe uliye kaunta. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wenye posta ndogondogo walitiwa hatiani. Wengine walifungwa jela, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni lisilokuwapo. Mwenye posta mmoja, Alan Bates, aliwakusanya wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2019 Jaji Peter Fraser akaamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 kufuta hukumu kwa mkupuo.

Mwenye kabini wa Baraka yuko katika nafasi ileile ya mwenye posta wa Uingereza: fedha ni za kampuni, mashine ni ya kampuni, hesabu ni ya kampuni, na upungufu ni wake. Ndiyo maana inafaa redio ya huku ipoteze nusu saa kuzungumzia kazi ya watu wanaojaribu programu.

Afrika Mashariki nayo haikukosa somo lake. Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipiga kura. Mashine za kutambua wapiga kura ziliishiwa chaji katika shule zisizo na umeme, na seva ya kupokea matokeo ikalemewa. Juu ya hayo, usiku ule televisheni zikaonyesha kura zilizokataliwa zikipanda mpaka zaidi ya 300,000. Nchi ikashika roho, kwa maana wingi huo ungeweza kubadilisha hesabu ya asilimia 50 anayopaswa kuivuka mshindi. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza: programu ilikuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara 8. Zilipohesabiwa kwa mkono zilikuwa 108,975.

Hapo hapahitajiki profesa. Jaribio la kuikamata kasoro ile lingechukua dakika moja: ingiza kituo kimoja chenye kura moja iliyokataliwa, kisha tazama jumla. Ikitoka 8, rudisha programu kwa walioiandika. Jaribio la pili nalo ni dogo vilevile: jumla ya kura halali na zilizokataliwa isizidi idadi ya walioandikishwa katika kituo. Makosa makubwa ya programu mara nyingi yanakaa mahali padogo ambapo kila mtu alidhani mwenzake ameshatazama. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa wakubwa wa taaluma hii, alisema tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa hazipo. Kwa hiyo anayejaribu hana budi kuchagua atazame wapi, na hapo ndipo mtu wa Fizi anapokuwa na mtaji ambao mwenzake wa California hana.

Mtaji wa kwanza ni majina. Programu nyingi zinazotoka nje zina visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Mkongomani ana matatu: nom, postnom na prénom, urithi wa siasa ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972, ambayo ilipiga marufuku majina ya Kizungu, na wa miaka ya 1990, majina hayo yaliporudi. Ukimpa visanduku viwili, mmoja atabandika postnom kwenye jina la ukoo, mwingine ataliacha, na wa tatu ataandika yote mahali pamoja. Baada ya mwaka mmoja, mtu mmoja ana mafaili matatu hospitalini.

Halafu kuna majina ya Kibembe. M'munga, kwa mfano, ina ile alama ndogo inayoning'inia juu baada ya herufi ya kwanza. Katika lugha ambayo kompyuta hutumia kuulizia hifadhi za data, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Mwandishi wa programu akizembea, kompyuta ikifika kwenye M inadhani jina limekwisha, na inachukua “munga” kama amri isiyoielewa. Fomu inakataa, au mfumo unaanguka. Wadukuzi wamekuwa wakiutumia mlango huohuo kuingiza amri zao tangu udhaifu huo ulipoandikwa hadharani mwaka 1998. Bwana M'munga anayejaza fomu ya chanjo hana nia mbaya yoyote, lakini jina lake peke yake ni kipimo cha usalama.

Na si hayo tu. Simu nyingine huandika alama hiyo ikiwa imesimama wima, nyingine ikiwa imepinda. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Muuguzi akitafuta kwa ile iliyosimama, faili lililoandikwa kwa iliyopinda halionekani, na anafungua jipya. Majina ya mahali yana shida hiyohiyo: sekta ya Mutambala wengine huiandika M'tambala, na Ngandja unaweza kuikuta N'gandja. Ripoti za afya zinazopanda kutoka Fizi hadi Kinshasa hupita katika DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, Congo ikiwamo. Kituo kimoja kikiandikwa kwa majina mawili, wagonjwa wake wanagawanyika, na mlipuko wa kipindupindu unaonekana nusu yake.

Mtaji wa pili ni fedha. Congo ina akaunti za simu za aina mbili katika laini moja, za faranga na za dola. Dola moja ni sawa na faranga nyingi mno, kwa hiyo anayekosea kuchagua sarafu hakosei kidogo. Mjaribu anayejua maisha ya huku atauliza: mtu akirudi nyuma kwenye menyu baada ya kuchagua dola, je, chaguo linabaki au linageuka faranga bila kusema? Ujumbe wa mwisho kabla ya kode ya siri unataja sarafu, au unasema “20” tu?

Na mkato je? Mtu aliyesoma Kifaransa anaandika 1,5 akimaanisha moja na nusu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Mfanyabiashara wa ndagala akituma orodha ya bei kutoka Kigoma, ikafunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa Kifaransa, elfu moja na mia tano inaweza kugeuka moja na nusu bila onyo lolote. Tarehe nazo ni hivyohivyo: 04/05 ni tarehe 4 Mei kwa Baraka na Kigoma, lakini kwa programu iliyoandikwa Marekani ni tarehe 5 Aprili.

Saa nayo inataka jicho. Baraka iko saa moja mbele ya Kinshasa, na Kigoma iko saa moja mbele ya Baraka. Muamala unaofanyika Baraka saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano, Kinshasa bado ni Jumanne, saa tano na nusu. Ikiwa seva inafunga hesabu za siku kwa saa za Kinshasa, na simu ya mwenye kabini inafunga kwa saa za Baraka, basi kila usiku kuna dakika 60 ambazo vitabu viwili havipatani. Wenye posta wa Uingereza wangemweleza kinachofuata.

Sasa swali la vitendo: kijana wa Fizi aanzie wapi? Wengi wameshaanza bila kujua. Mashirika ya misaada mashariki mwa Congo yanakusanya habari kwa KoboToolbox, chombo kilichotokana na watafiti wa Harvard, ambacho hufanya kazi bila mtandao na kutuma data rezo inaporudi. Vijana huajiriwa kwa siku chache kuzunguka vijijini na simu, wakiuliza kaya zina watu wangapi na zinachota maji wapi. Kabla ya kwenda, hukaa asubuhi moja kujaribu fomu. Wengi huichukua asubuhi hiyo kama usumbufu wa kusubiri posho. Kumbe ndiyo kazi ya testa yenyewe.

Mfano ni fomu ya lishe. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano. Kuanzia 125 ni kijani. Asiyejua kujaribu ataingiza 100, 120 na 140, ataona rangi tatu, atasema fomu iko sawa. Anayejua ataingiza 114, 115, 124 na 125, kwa sababu kasoro hukaa mpakani. Mwandishi wa fomu akiandika “115 au chini” badala ya “chini ya 115”, mtoto wa 115 kamili anaangukia kundi ambalo si lake. Kisha ataingiza 11,5, kwa kuwa lazima mtu fulani atasoma utepe kwa sentimita. Fomu ikikubali tarakimu hiyo bila kugomba, takwimu za kijiji kizima zinaharibika. Ataingiza mtoto wa miezi 5, na wa miezi 60. Atafunga simu katikati ya mahojiano aone kama majibu yamehifadhiwa. Majaribio yote hayo yanakwisha kabla chai haijapoa.

Kuna kitu ambacho asubuhi ya ofisini haiwezi kuonyesha, nacho ni uwanja wenyewe. Desemba 2018 Congo ilitumia mashine za kupigia kura kwa mara ya kwanza. Tume ya uchaguzi, CENI, iliagiza zaidi ya 100,000 kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura anagusa picha ya mgombea, mashine inachapa karatasi, karatasi inaingia sandukuni. Moto uliteketeza maelfu ya mashine katika ghala la Kinshasa siku chache kabla, uchaguzi ukasogezwa kutoka tarehe 23 hadi 30. Siku yenyewe waangalizi wa Kanisa Katoliki walipokea habari za mashine zaidi ya 500 zilizokorofisha. Mwaka 2023 mashine zilirudi tena, vituo vingi vikachelewa kufunguliwa tarehe 20 Desemba, na upigaji kura ukaendelea siku zilizofuata. Na kabla ya hapo, kadi nyingi za wapiga kura zilikuwa zimefutika maandishi zikiwa mikononi mwa wenyewe.

Siasa za chaguzi hizo zina watu wake wa kuzijadili. Kwa jicho la testa, maswali ni ya kawaida kabisa. Betri inadumu saa ngapi ikiwa imesafirishwa juu ya pikipiki hadi milimani? Kioo kinaitikia kidole cha mama aliyelima miaka 40? Mtu ambaye hajawahi kugusa simu ya kioo atatumia dakika ngapi, na ukizidisha dakika hizo kwa watu wote wa kituo, je, saa za kura zinatosha? Wino wa kadi umekaa miezi mingapi katika mfuko wa shati lenye jasho? Maonyesho ya hotelini hayajibu hata moja kati ya hayo.

Kuhusu zana, vijana huuliza haraka mno. Mtu hajawahi kuandika ripoti moja ya kasoro, tayari anauliza ajifunze Selenium au Playwright. Ya kwanza ilianzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, ya pili ni ya Microsoft na ilitoka 2020. Zote mbili huendesha kivinjari zenyewe, zikibonyeza na kujaza fomu kama mtu, mara elfu bila kuchoka. Appium hufanya hivyo kwenye simu. Postman humwezesha testa kuzungumza na seva moja kwa moja, bila kupitia kioo, na hapo ndipo anapoweza kutuma malipo yaleyale mara mbili na kuona kama seva inatambua kuwa ni yaleyale. JMeter hutuma maombi maelfu kwa mpigo, ili kujua seva italemewa wapi. Zote hizo zinapatikana bure au zina sehemu ya bure. Lakini mashine hurudia tu swali ililopewa. Swali baya likirudiwa mara elfu linabaki baya.

Zana ya bei nafuu kuliko zote iko kwenye kila simu: ile alama ya ndege inayokata mtandao. Washa katikati ya muamala, zima, tazama kilichotokea. Kivinjari cha Chrome nacho kina sehemu ya wataalamu inayopunguza kasi ya mtandao kusudi, kwa ajili ya waandishi wa programu walioko kwenye intaneti ya kasi. Baraka haihitaji kuigiza.

Ripoti ndiyo inayomtenganisha testa na mlalamikaji. “Programu haifanyi kazi” haimsaidii mtu. Ripoti nzuri hutaja aina ya simu na toleo la programu, hatua moja baada ya nyingine, kilichotarajiwa, kilichotokea, na picha ya kioo. Msomaji wake, aliyeko labda Nairobi au Bangalore, aweze kurudia hatua zilezile na kuona kasoro ileile. Haimtukani aliyeandika programu, wala haikisii sababu ambayo mjaribu haijui. Atakayeweza kuandika hivyo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza ana kazi nusu mkononi, na hapa wakimbizi waliorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wanaweza kuwatangulia wenzao, maana huko walizoea kusikia Kiingereza cha mashirika, na Kifaransa wanakikuta nyumbani.

Cheti kipo pia. Bodi ya kimataifa iitwayo ISTQB iliundwa Edinburgh mwaka 2002, na mtihani wake wa msingi una maswali 40 kwa dakika 60. Anayefikisha pointi 26 amefaulu. Anayefanya katika lugha isiyo yake huongezewa dakika mpaka 75. Mtaala unapakuliwa bure, hata kwa Kifaransa, na unaweza kusomwa bila kulipia mtihani. Huo ndio ushauri wa busara kwa mwenye mfuko mwepesi: asome kwanza, cheti kingoje mwajiri atakayekitaka. Kuna pia majukwaa kama uTest na Testlio yanayowaita wajaribu kutoka nchi mbalimbali na kuwalipa kwa kazi. Malipo mara nyingine hutegemea kasoro kukubaliwa, na mtu anaweza kukesha akatoka mikono mitupu. Kabla ya kukesha, ahakikishe njia yao ya malipo inafika Congo.

Mahali pa kujenga jina ni kwenye programu za wazi. OpenMRS, mfumo wa mafaili ya wagonjwa, wazo lake lilizaliwa Eldoret, Kenya, mwaka 2004 na ukaanza kutumika huko 2006. Orodha ya kasoro zake iko wazi kwa dunia nzima, na kuna seva ya majaribio ambapo mtu yeyote huingia na kumsajili mgonjwa wa kubuni. Kijana wa Baraka anaweza kuingia leo, akamsajili M'munga mwenye majina matatu, kwa alama iliyosimama, kisha akamtafuta kwa alama iliyopinda. Asipompata, ana ripoti yake ya kwanza, yenye tarehe na jina lake, ambayo mwajiri wa Kinshasa au wa Oslo ataweza kuifungua na kuisoma.